Malaika wa Mzee Hezekia

Hakuna nyumba katika Njombe nzima iliyojiandaa kuungua kama nyumba ya Mzee Hezekia. Wengine walijiandaa kwa mvua, kwa njaa, kwa kodi ya kichwa. Yeye alijiandaa kwa moto. Na tuseme ukweli, hakuwa mjinga. Kiangazi cha mwaka uliotangulia, moto wa nyika ulipanda kutoka mabondeni ukaingia kijiji cha Kifanya mchana kweupe. Ukaikuta familia moja inagombania magunia mlangoni, huyu anayavuta nje, huyu anarudi ndani kufuata jingine, na wote wakabaki mle mle. Hezekia alikwenda kuzika. Aliporudi hakutaka chakula. Alikaa nje akalitazama paa lake la nyasi, kisha akamwita mkewe Ida na mwanawe Yoeli, akawaambia kwamba Mungu haokoi watu wasiojua mlango wao uko wapi.

Huo ulikuwa wakati ambao Serikali ya Mwingereza iliwachukua wamisionari wa Kijerumani kwa ajili ya vita vya kwao, na makanisa yakabaki mikononi mwa wazee. Hezekia alikuwa mmoja wa wazee hao. Alikabidhiwa kikombe cha Meza ya Bwana akitunze nyumbani, na mzungu mmoja, akiwa anapandishwa gari la askari, alimvulia koti lake jeusi la sufu. Looo, koti lile! Mzee alilivaa hata jua likiwaka. Tangu hapo alitembea kama mtu aliyeachiwa Ukristo wote wa nyanda za juu peke yake.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Likigongwa lile jembe bovu lililoning'inizwa kwenye mkaratusi, kila mtu aache alichoshika, hata kama ni tonge liko njiani kwenda mdomoni, atoke, ateremke kijitoni kwenye udongo uliolimwa, pasipo na nyasi za kushika moto. Asibebe kitu. Asirudi kufuata kitu. Huko chini mzee ataita majina, na kila mtu ataitika. Kisha wote watapiga magoti, watafumba macho, wataipa nyumba mgongo na kusali, na asigeuke mtu mpaka yeye mwenyewe aseme amina.

"Mke wa Lutu aligeuka," aliwaambia, akiwatazama mmoja mmoja. "Mnajua akawa nini. Na shetani ana akili kuwashinda ninyi wote. Siku hiyo atawaita kwa sauti mnayoijua. Msigeuke!"

Walifanya mazoezi Jumapili baada ya ibada, majirani wakisimama uani kuwacheka. Haya, wacheke, kicheko hakizimi moto. Lakini katika utaratibu ule mzuri kulikuwa na mtu mmoja aliyesahauliwa makusudi, naye ni Telesia.

Telesia alikuwa mke wa Sila, mtoto wa kwanza wa mzee. Sila mwenyewe alikuwa Makambako, utingo wa lori la Mhindi, akija nyumbani kwa nadra, siku mbili tatu, kisha akitoweka tena. Alimwachia mkewe mtoto mmoja, Nahumu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia. Telesia alikuwa Mkinga wa Iwawa, kule kwenye baridi ya viazi, na kwao hakuwa amebakiza mtu ila kaka mmoja aliyeoa mwanamke mwenye mdomo. Kwa hiyo alichokitaka duniani kilikuwa kidogo tu: akae katika nyumba ile, amlee mwanawe, ahesabiwe mtu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Telesia alilijua hilo vizuri. Alilima kuliko wenye shamba, na maji aliyachota kuliko wenye kiu.

Tatizo lilikuwa ukwe. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, halitaji jina lake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini na kugeuza uso. Kumgusa ndiyo usiseme, Nguluvi, Mungu wa mababu, apishe mbali! Na mzee naye hivyo hivyo kwa upande wake. Wakiwa na jambo la kuambiana huliambia jiwe, au mbwa, au mtoto, na mwenye masikio akasikia. Wakigusana kuna mikosi, na mikosi hiyo haitoki ila kwa pombe ya wazee na damu ya mbuzi makaburini. Sasa mambo ya makaburini kanisa lilikwisha kuyapiga marufuku. Ndiyo maana mzee wa kanisa aliuogopa mwiko huu kuliko wapagani wenyewe. Mpagani akikosea ana pa kwenda kuoshwa, lakini Hezekia angeoshwa wapi?

Ida alijaribu kumsemea. Telesia alikuwa jikoni, akasikia kila neno kupitia ukutani.

"Baba Sila, na mama Nahumu je? Mbona humwiti?"

"Nimwite vipi? Nimtaje jina, aniitikie, watu wasikie?"

"Basi nitamwita mimi."

"Mtoto akiwepo, mama yake yupo. Umewahi kuona kuku ameacha kifaranga?"

Likaisha hapo. Telesia alibana meno akaendelea kupepeta. Iliuma, tena iliuma sana, kwa sababu hata mbuzi wa nyumba ile walihesabiwa jioni wakiingia zizini.

Basi katika mazoezi alikaa peke yake nyuma ya kichuguu, katikati ya nyumba na kijito, mzee asimwone. Na kwa kuwa hakuruhusiwa kumwelekea mzee, akaielekea nyumba. Wote walikatazwa kuitazama nyumba. Yeye, kwa heshima ya mkwewe, hakuwa na pengine pa kutazama.

Moto ulikuja mwezi wa kumi, kabla ya mvua, mchana, na upepo ukiwa mkali. Nani aliuwasha, wawinda panya au wachungaji wanaotaka majani mapya, mpaka leo hakuna aliyejitokeza. Yoeli ndiye aliyeuona ukipanda mlima, akalipiga jembe kwa nguvu zake zote. Na kwa kweli utaratibu ulifanya kazi! Hakuna aliyegombania gunia. Ida alimnyakua Nahumu uani akamtia mgongoni, Telesia akaacha maharage aliyokuwa akiyapura, wote wakateremka. Kijitoni mzee akaita majina.

"Nahumu!"

"Yupo!" Ida akamwitikia mjukuu wake.

Mzee akatosheka. Wakapiga magoti, wakaupa moto mgongo, sala ikaanza.

Telesia akiwa nyuma ya kichuguu chake aliona moto ukishika ua, ukishika zizi, na nyumba bado nzima. Akasikia nyayo. Akaingia majanini upesi na kugeuza uso kama inavyopasa, na alipochungulia akamwona mzee anapanda mlima mbio, kichwa wazi, amewaacha wenzake wamefumba macho. Alirudi! Yeye mwenyewe, mwenye Lutu na mke wa Lutu, alirudi. Baadaye ilisemwa kwamba alikifuata kikombe cha Bwana. Uongo mtupu. Kikombe kiliokotwa kwenye majivu kimeyeyuka. Alilifuata koti.

Aliingia ndani, na cheche ikaruka kutoka zizini ikatua juu ya paa. Nyasi kavu namna ile haziungui, zinalipuka. Telesia akasikia mti ukivunjika ndani na mzee akipiga ukelele mmoja mfupi.

"Mama! Yoeli!" alipaza sauti. "Baba yuko ndani! Boriti imemwangukia! Njooni!"

Kule chini migongo ilishtuka. Aliona wazi bega la Ida likigutuka. Lakini Yoeli akapayuka, "Asigeuke mtu! Baba alituambia, ndiyo hiyo sauti tunayoijua!" Wakazidisha sala, wakasali kwa kelele ili wasimsikie. Telesia aliita mpaka koo likakauka. Hakuna aliyegeuza shingo. Akatazama umbali wa kijitoni, akatazama mlango unaofuka moshi, akaona kwamba akienda kuwavuta mashati atarudi kukuta majivu.

Ni nani angemlaumu kama angekaa? Hakuwemo kwenye utaratibu, hakupangiwa kumwokoa mtu. Lakini alikwenda. Na tazama mazoea yalivyo mabaya: alijifunika kaniki usoni, akaingia kwenye nyumba inayoungua kinyumenyume, asije akamwona mkwewe.

"Wewe jiwe," alisema, akiliambia jiwe la kusagia lililokuwa kando ya mlango, "mwambie baba anyooshe mkono, niko hapa."

Kikohozi kikatoka katikati ya moshi. "Wewe ukuta," sauti ya mzee ikajibu, "mwambie huyo mwanamke asiniguse! Akaite wanaume!"

"Jiwe, mwambie baba wanaume hawageuki. Amewakataza mwenyewe."

"Ukuta, mwambie aite tena!"

Wawili hao, watu wazima na akili zao, wanabishana kupitia jiwe na ukuta huku dari linawanyeshea moto! Mahindi ya darini yalikuwa yakimwagika na kupasuka sakafuni. Boriti imembana mzee mguu wa kushoto, na upande mmoja wa boriti ulikwisha kuwa kaa jekundu. Kisha moto ukafika kwenye ngozi yake, na ukwe ukaishia hapo hapo.

"Telesia!"

Hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwa mtu yule. Hakujua hata kama analijua.

"Telesia, mwanangu, nishike! Usiniache! Nyumba ni yako, wewe ni mwanangu, nishike!"

Aligeuka. Akauona uso wa mkwewe kwa mara ya kwanza: uso wa mzee wa kawaida, umejaa machozi na makamasi, na woga mkubwa. Akainama akaishika ile boriti kwa mikono miwili, pale pale penye kaa, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kushika. Mikono ililia kama nyama iliyotupwa motoni. Hakuiachia. Aliinua mpaka mguu ukatoka, akampitisha mzee mikono kwapani, akamburuta mpaka nje, mpaka kwenye matuta ya viazi. Koti mzee alikuwa nalo kifuani, hakuliachia hata kidogo.

Mzee alihema kwanza. Kisha akauliza, "Wametuona?"

"Hapana, baba."

"Basi ondoka. Nenda, nenda! Wasikukute hapa."

Na Telesia akaenda, mjinga wa watu. Alirudi nyuma ya kichuguu chake akakaa, mikono ameinyoosha mbele kama si yake. Alidhani mzee anataka muda wa kutafuta maneno. Alidhani mtu aliyesema nyumba ni yako ana maana ya kusema nyumba ni yako.

Paa lilipoanguka kwa kishindo Yoeli alishindwa kuvumilia, akageuka, na wengine wakageuka. Wakamkuta baba yao kwenye viazi, mguu umeungua, nyuma yake nyumba ni moto mtupu. Mwinjilisti Methusela naye alikuwa amefika mbio kutoka kanisani pamoja na majirani.

"Baba, nani amekutoa?" Yoeli aliuliza.

 Macho ya mzee yalikwenda mpaka kwenye kichuguu yakarudi.

"Mkono," alisema. "Niliona mkono."

"Mkono wa nani, mzee?" Methusela akauliza, na watu wote wakasogea.

"Mweupe," alisema Hezekia.

Basi, malaika akazaliwa. Watu walianguka kifudifudi palepale kwenye matuta, wengine wakalia. Na kila wiki malaika yule aliongezeka: kwanza alikuwa mkono tu, Jumapili ya pili akapata bawa, ya tatu akasema, "Hezekia, usiogope." Walikuja watu kutoka Mlangali kumtazama mzee aliyetolewa motoni kama Lutu alivyotolewa Sodoma, ameshikwa mkono. Usharika ukamjengea nyumba mpya. Hakuna aliyeuliza kwa nini mzee alikuwa ndani wakati aliwakataza wengine kurudi. Akiwepo malaika, nani ana haja ya maswali?

Ida ndiye aliyeifunga ile mikono. Aliiosha kwa maji baridi, akaipaka asali, akaivilingishia vitambaa.

"Umemwagikiwa na uji," alisema bila kuinua macho.

"Mama, unajua sikumwagikiwa na uji."

"Uji. Ulikuwa wa moto."

"Unipeleke hospitali, mama. Vidole vinashikana."

"Hospitalini wanauliza maswali." Ida akafunga fundo. "Nilikusikia ukiita siku ile. Nilijua ni wewe."

"Sasa mbona hukugeuka?"

"Nilikuwa na mtoto wako mgongoni," Ida alisema, na hapo akalia, akalia kwelikweli, lakini alipomaliza kulia bado ulikuwa uji.

Vidonda vilifunga vibaya. Vidole vya mkono wa kulia vilijikunja vikashikana na kiganja, vya kushoto vikabaki viwili tu vinavyofanya kazi. Mvua zikaanza. Kila mtu akaenda shambani, na Telesia akaenda nao, akajaribu kulifunga jembe mkononi kwa kamba. Jembe lilimtoka likamkata mguu. Alijaribu kubeba mtungi, ukavunjika. Nahumu akitaka kuvalishwa, alimvalisha kwa meno. Majirani walitazama, wakanong'ona kwamba huenda malaika aliyemwokoa mkwe amemwadhibu mkamwana kwa dhambi anayoijua mwenyewe. Lo, binadamu! Asante ya punda mateke, lakini hata punda hasingizii.

Ukaitwa mkutano wa ukoo. Telesia hakuitwa, alisikilizia jikoni kama kawaida. Mzee alisema kidogo. Alisema mwanamke asiyeweza kushika jembe ni mgonjwa, na mgonjwa hutunzwa kwao. Mtoto atabaki, kwa sababu ng'ombe walitolewa na mtoto ni wa ukoo. Hakulitaja jina lake. Alisema "yule."

Hapo Telesia akaona limebaki tumaini moja, na tumaini hilo lilikuwa Makambako. Alimwacha mtoto kwa Ida, akapanda lori la ngozi lililokuwa likienda huko kwenye njia panda, amekaa juu ya mzigo unaonuka, upepo wa huko ukimkata masikio. Alimkuta Sila chini ya lori la Mhindi wake, miguu tu inaonekana. Sila akatoka, akafuta mafuta kwenye suruali, akataka kumshika mikono, akaiona.

"Nani amekufanya hivi?"

"Baba yako."

Akamsimulia yote: jiwe, ukuta, boriti, "nyumba ni yako." Malori yalipita yakiwatimulia vumbi, na Sila alisimama analia kama mtoto. Alimwamini! Hakuuliza hata swali moja. Telesia alihisi moyo umemrudi mahali pake.

"Basi njoo useme," alimwambia. "Wewe ni mwana wa kwanza. Ukisema wewe watasikia. Sitaki anisifu, Sila. Nataka nikae na mtoto wangu."

Sila alifuta pua. "Mke wangu, nikisema nimemwua."

"Umemwua vipi?"

"Itajulikana alishikwa na mkwewe. Atatakiwa aoshwe kwa wazee. Akikubali, kanisa litamtoa. Akikataa, nani atakula naye? Nani atampokea kwenye Meza ya Bwana? Na ameshamtaja malaika madhabahuni, mama Nahumu. Atasema nini sasa, kwamba alimsingizia Mungu?"

"Na mimi?"

"Wewe nenda kwenu kwanza. Mikono ipone."

"Itazame, Sila. Hii ndiyo imepona."

Aliitazama, akageuza uso. "Baba ni mtu mzima," alisema. "Hana miaka mingi. Akifa nitakufuata." Dereva akamwita, akarudi chini ya lori. Telesia alisimama pale njia panda mpaka akaelewa kwamba mumewe hatoki tena huko chini mpaka yeye aondoke.

Kusadikiwa na kuachwa! Afadhali angemwita mwongo.

Siku ya kuondoka kaka yake alikuja kutoka Iwawa, akabaki barabarani, hakutaka kuingia. Uani kulikuwa na wageni wengine wa Mlangali, wamekaa kwenye mabenchi mbele ya nyumba mpya, Mwinjilisti Methusela katikati yao. Mzee Hezekia alikuwa kwenye kiti chenye mgongo, koti mwilini, kofia kichwani, mguu ameunyoosha juu ya kigoda ili waone kovu. Alikuwa amefika pale malaika anapoinua boriti.

"Akaiinua kwa mkono mmoja," alisema, "kama unyasi."

Ida alikuwa amemshikilia Nahumu mlangoni. Telesia alimbusu mtoto kichwani, na mtoto akaushika ubeleko wake akakataa kuuachia, mpaka bibi yake alipomfungua vidole kimoja kimoja. Njia ya kawaida ya mkwe ilikuwa nyuma ya nyumba. Telesia hakupita nyuma. Alizunguka mbele, akapita kati ya mabenchi, akasimama ana kwa ana na baba mkwe wake. Mabibi wakashika midomo. Mzee akaishusha kofia mpaka puani.

"Kamwene, baba," Telesia alimwamkia kwa salamu ya huku.  Akanyoosha mikono yake miwili, ile isiyokunjuka, akaiweka karibu kabisa na lile kovu, watu wote waone. "Malaika anaaga."

 Mama mmoja wa Mlangali aliitazama mikono, akautazama mguu wa mzee, akaitazama tena mikono, na mdomo wake ukafunguka. Yoeli alitazama chini. Methusela alikuwa karibu kuliko wote, na alielewa. Mtu yeyote angeona usoni mwake kwamba ameelewa, jasho lilimtoka na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Neno moja lake lingetosha. Alimtazama Telesia, akamtazama mzee chini ya kofia, akautazama usharika wake uliokuwa hauna mchungaji wala mzungu, una malaika tu.

Akasimama. "Wapendwa," alisema, "tuimbe."

Wakaimba. Watu wa huku wanajua kuimba, sauti zilijipanga zenyewe, za juu na za chini, zikajaa ua mzima. Mlangoni Nahumu alikuwa akijirusha mikononi mwa bibi yake, mdomo wazi, anamwita mama yake, na katikati ya wimbo ule hakusikika hata kidogo. Telesia alisubiri apishwe. Aliyeketi mwisho wa benchi akavuta miguu yake ndani kumpa njia, huku anaendelea kuimba.